Michungwa ya Mwalimu: homoni iliyonyunyizwa katika mwezi usio wake

Mvua za vuli zilipoanza mwaka ule, ukipanda ile barabara ya vumbi kutoka Maji ya Chai, mkoani Arusha, kuelekea Ngurdoto, ulinusa maua ya michungwa kabla hujaiona miti yenyewe. Kila boma lenye mchungwa lilikuwa jeupe. Shamba la Mwalimu peke yake lilikuwa kijani tupu. Miti 64 ilikuwa imejaa majani mapya, marefu na laini kama mchicha, lakini maua yake ungeyahesabu kwa vidole.

Mwalimu ndivyo anavyoitwa na kijiji kizima. Alifundisha shule ya msingi hadi akastaafu, na siku hizi anaishi kwa michungwa iliyopandwa na marehemu mumewe. Aliponipigia simu alisema maneno matatu tu: "Bwana shamba, njoo." Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kunitazama, macho yake yakiwa kwenye miti. "Nimeifunga uzazi," akasema. "Niambie kama itarudi."

Ameniruhusu kuandika kisa chake bila kumtaja jina. Ninaandika kwa sababu tangu siku ile wakulima wengine wamenijia na swali lilelile: je, homoni zinaponya michungwa? Jibu la ndiyo au hapana litawaumiza. Inafaa kwanza waone kilichotokea kwa Mwalimu.

Shida yake ya awali ilikuwa matunda kudondoka. Kwa misimu miwili mfululizo, machungwa yake ya aina za Washington Navel na Valensia yalianza kuanguka mwezi wa Mei, wiki chache kabla ya mavuno. Mpwa wake aliyeko Arusha mjini akatafuta kwenye simu, akamsomea habari za Florida, Marekani. Habari zenyewe zilikuwa za kweli, na kisa hakieleweki bila kuzijua.

Mwaka 2005 Florida iligundua kwamba michungwa yake imeingiwa na griningi, ugonjwa wa bakteria anayeishi ndani ya mishipa inayosafirisha chakula cha mti. Mti mgonjwa hupoteza mizizi midogo, majani hupauka kwa mabaka, matunda hubaki madogo na kuanguka kabla ya wakati. Msimu wa 2003/04 jimbo hilo lilivuna maboksi milioni 242 ya machungwa. Msimu wa 2023/24 halikufikisha maboksi milioni 18. Vimbunga navyo vilichangia, lakini griningi ndiyo iliyovunja uti wa mgongo wa kilimo kile, na hadi leo haina tiba. Wakulima wakabaki wakiuliza namna ya kuishi na miti iliyokwisha kuugua. Mojawapo ya majibu waliyopata kutoka kwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida ni kunyunyizia homoni ya jiberelini, ile ambayo kwenye paketi huandikwa GA3. Miti ya Valensia iliyonyunyiziwa mara kadhaa kwa msimu ilipunguza kudondosha matunda, na majani yake yakashamiri. Bakteria alibaki mtini vilevile. Mti ulipata nguvu ya kubeba zaidi huku ukiendelea kuugua.

Mpwa alimsomea shangazi yake sehemu ya nguvu hiyo. Kuhusu wakati wa kunyunyiza alimwambia "msimu wa baridi unapokaribia." Maji ya Chai, baridi inakaribia Juni.

Mwalimu alinunua paketi za gramu moja moja kwenye duka la pembejeo. Katikati ya Juni alinyunyiza mara ya kwanza kwa tahadhari: paketi moja aliigawa kwenye mabomba matano ya lita 20, akachanganya na maji ya kisima chake, akanyunyiza saa sita mchana. Siku kumi zikapita asione tofauti. Katikati ya Julai akarudia, safari hii paketi nzima kwa bomba moja, na maji ya mvua kutoka kwenye simtanki kwa kuwa pampu ya kisima ilikuwa imeharibika. Nilipomwomba anionyeshe alivyofanya alileta daftari. Kila kitu kilikuwa kimeandikwa kwa mwandiko wa ubaoni, tarehe na idadi ya mabomba. Sijawahi kupata mkulima aliyenirahisishia kazi kama yeye.

Kwanza kipimo. Gramu moja ya jiberelini kwenye lita 100 za maji ni miligramu 10 kwa lita, kiwango cha kawaida kwa machungwa. Gramu moja kwenye lita 20 ni miligramu 50, yaani mara tano ya alichotumia Juni. Na hapo ninahesabu kama unga ule ulikuwa homoni tupu. Paketi na vidonge vinavyouzwa hutofautiana sana, vingine sehemu kubwa ni kijazio tu. Lazima usome asilimia kwenye lebo kabla ya kushika mzani.

Sasa maji. Hili lilinishtua kwa sababu liko mbele ya macho yetu sote wa mteremko wa Meru. Maji ya visima vingi vya huku yana floridi nyingi, na watoto wetu wanaishuhudia kwa meno yao ya kahawia. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tukizungumza floridi tunasahau mwenzake: maji hayohayo yana magadi. Nilichovya karatasi ya kupimia kwenye maji ya kisima cha Mwalimu, ikaonyesha pH ya 8.6 (7 ni katikati; chini yake ni uchachu, juu yake ni magadi). Jiberelini hupenya kwenye jani vizuri pale maji yanapokuwa na uchachu kidogo, na ndani ya maji ya magadi huanza kuharibika. Ongeza jua la saa sita linalokausha matone kabla hayajanywewa, na utaona kwa nini mnyunyizo wa Juni haukuonyesha kitu. Wa Julai ulikuwa na maji ya mvua na kipimo mara tano. Mti ulisikia, tena ulisikia kwa kelele.

Ninasema ulisikia kwa sababu hivyo ndivyo homoni inavyofanya kazi. Mbolea ni chakula, kiuatilifu ni sumu kwa mdudu au kuvu, homoni ni ujumbe. Jiberelini yenyewe ilifahamika kutokana na ugonjwa: mwaka 1926 Mjapani Kurosawa Eiichi alionyesha kwamba miche ya mpunga inayorefuka ovyo hadi kuanguka inarefushwa na kitu kinachotolewa na kuvu, na mwaka 1935 Yabuta Teijiro akakipa kitu hicho jina. Wakulima wa Japani waliiita miche hiyo mipumbavu. Baadaye ikajulikana kuwa mimea yenyewe hutengeneza jiberelini yake, na huitumia kuamua mambo: mbegu iote lini, shina lirefuke kiasi gani, chipukizi liwe jani au ua.

Hilo la jani au ua ndilo lililomkuta Mwalimu. Mchungwa huamua wiki nyingi kabla sisi hatujaona chochote, na kinachousukuma kuamua ua ni baridi au kiu. Muheza, kule kwenye joto, ni kiu. Kwetu Juni hadi Agosti vinakuja vyote viwili: baridi ya mlimani na ukame. Chipukizi linakaa kimya, linahesabu siku za baridi, na mvua ya vuli ikigonga linafunguka likiwa ua. Jiberelini ikifika ndani ya siku hizo inaliambia chipukizi liwe jani. Tunda lenye mbegu hutoa jiberelini yake pia, na hiyo ni sababu mojawapo mti uliolemewa na matunda mwaka huu kuwa na maua machache mwakani. Mwalimu alipeleka ujumbe huo kwa miti yote 64, kwa sauti kubwa, katikati ya Julai.

Na wale wa Florida? Mashamba yao yako karibu na nyuzi 28 kaskazini ya ikweta. Baridi yao inapokaribia, Septemba na Oktoba, Valensia yao bado ni ya kijani na itavunwa kuanzia Machi. Wananyunyiza tunda likiwa na miezi mitano au zaidi mbele yake. Zaidi ya hapo, mti wenye griningi hutoa maua ya mapema yaliyotawanyika yasiyo na faida, kwa hiyo kuyazuia baadhi ni jambo wanalolitaka. Huku kwetu tunda la Juni liko tayari kwa tenga. Kama mpwa angepima umri wa tunda badala ya hali ya hewa, angemwambia shangazi yake anyunyize mapema zaidi, tunda likiwa bado la kijani na mavuno yakiwa mbali.

Kulikuwa na hasara nyingine ambayo Mwalimu hakuihusisha na dawa hadi nilipomuuliza. Matunda yaliyokuwa bado hayajageuka rangi mwezi Julai yalibaki ya kijani hadi Septemba. Wanunuzi wa Tengeru wakayakataa siku mbili za soko mfululizo, Jumatano na Jumamosi, wakisema ni mabichi. Ndani yalikuwa matamu. Jiberelini hulifanya ganda libaki kijana huku nyama ya ndani ikiendelea kuiva. Mnunuzi wa Tanga amezoea chungwa tamu lenye ganda la kijani kwa sababu usiku wa joto hauliruhusu kugeuka rangi. Mnunuzi wa Arusha anataka rangi.

Kwa hiyo, je, miti ingerudi? Nilimwambia ndiyo, maana ujumbe wa homoni hudumu msimu mmoja. Lakini nilimwambia pia kwamba hatukuwa tumejibu swali lake la kwanza. Kwa nini matunda yalikuwa yanaanguka?

Tulisubiri hadi Aprili. Matunda yalikuwa machache, basi ilinichukua wiki tano kuokota 60 chini ya miti, kila moja na namba ya mti wake. Tulikaa barazani na kisu. Matunda 27 yalikuwa na funza wa nzi wa matunda. Matunda 14 yalikuwa yamepinda upande mmoja, madogo, kitako kijani, na mbegu za zile Valensia zilikuwa nyeusi, zimekufa. Yaliyobaki, 19, hayakuwa na doa ndani. Karibu yote haya ya mwisho yalitoka kwenye mistari ya chini ambayo zamu ya maji ya mfereji huifikia mara chache.

Mwalimu alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema, "Nilimpa dawa mtoto bila kumuuliza anaumwa wapi."

Nilimjibu kwamba kosa hilo ni letu, na ninalirudia hapa kwa sababu ninaliamini. Aliona matunda yanaanguka misimu miwili, na hakuna afisa ugani aliyepita kuchana tunda hata moja. Mimi mwenyewe nilikuwa nikipita barabara ile kila wiki.

Yale 27 hayakuhitaji homoni ya aina yoyote. Nzi huyu mgeni, Bactrocera dorsalis, ameonekana Afrika Mashariki tangu 2003, na anazuiliwa kwa mitego ya kuvutia madume na kwa kuokota kila tunda lililoanguka. Unalifungia kwenye mfuko mweusi juani au unalifukia chini kabisa, kwa maana funza akifika kwenye udongo anakuwa nzi mwingine. Yale 19 yalihitaji maji na matandazo. Mti wenye kiu hutoa ethilini, gesi ambayo ni homoni pia, na ethilini huilegeza ile sehemu nyembamba ambapo kikonyo kinashikana na tunda. Homoni nyingine, oksini, ndiyo huikaza. Unaweza kupambana na ethilini kwa oksini ya dukani, lakini kama sababu ni kiu, maji ni rahisi zaidi na mti unafaidi wote.

Hapo kwenye oksini nilikuta hatari iliyokuwa njiani. Mpwa alikuwa amesoma pia kwamba wakulima wa michungwa hutumia 2,4-D kuzuia tunda kuanguka. Akakumbuka kuwa 2,4-D inauzwa kila duka la pembejeo kama kiuagugu cha mahindi, akamshauri shangazi ajaribu. Ni kweli kwamba kemikali ni ileile: kwa dozi ndogo mno inakaza kikonyo, kwa dozi kubwa inaua mmea wenye majani mapana. Lakini ya michungwa hutengenezwa na kusajiliwa kwa kazi hiyo, na kipimo chake hakifanani hata kidogo na cha mahindi. Shamba la Mwalimu limezungukwa na nyanya, maharage na kahawa za majirani. Upepo mdogo ungebeba matone yale, na asubuhi majani ya nyanya za watu yangekuwa yamejikunja. Kama dawa haijasajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu kwa zao lako, usiiweke kwenye bomba. Mamlaka hiyo makao yake yako hapahapa Ngaramtoni, hakuna anayeweza kusema ni mbali.

Yale 14 yaliyopinda ndiyo yaliyoniumiza. Yote yalitoka kwenye miti minane. Griningi si ya Florida peke yake. Afrika ina aina yake ya siku nyingi, inayobebwa na kijidudu kifyonza utomvu kiitwacho Trioza erytreae, na tofauti na ile ya Asia, hii ya kwetu hupenda baridi ya milimani. Maji ya Chai, kwenye mita zipatazo 1,200, ni nyumbani kwake. Yule mbebaji wa Asia, Diaphorina citri, anayestahimili joto, naye ameripotiwa Morogoro, taarifa iliyochapishwa 2016.

Niligeuza majani ya miti ile minane. Chini kulikuwa na vishimo vidogo, juu vipele, alama ambayo watoto wa Trioza huiacha wanapokaa kunyonya. Mabaka ya njano hayakulingana pande mbili za mshipa wa kati. Miti mingine 11 ilikuwa na njano pia, lakini upande wa kushoto ulifanana na wa kulia kama nakala: huo ni upungufu wa zinki, na nadhani maji yaleyale ya magadi yamechangia, kwa kuwa udongo wa magadi huifungia zinki isifike kwenye mizizi. Kipimo cha vinasaba cha maabara ndicho huhitimisha kuhusu griningi. Mwalimu hakuwa na fedha za kupima miti minane, tukaamua kwa dalili tatu zilizokutana kwenye mti mmoja: vishimo, mabaka yasiyolingana, tunda lililopinda. Na kuna jambo nililotamani nisingelazimika kumweleza. Trioza hutaga kwenye majani machanga tu. Wingi ule wa majani laini ya Novemba, uliotokana na dawa ya Julai, ulikuwa karamu yake.

Akaniuliza kama ile minane inaweza kunyunyiziwa kama wanavyofanya Florida, iendelee kuzaa. Swali zuri, na nilifikiri sana kabla ya kujibu. Florida karibu kila shamba limeambukizwa. Ukikata mgonjwa hubaki na kitu, basi wanamtunza mgonjwa. Mwalimu alikuwa na wagonjwa minane kati ya 64, na majirani wenye miti mizima. Kuitunza minane ni kufuga chanzo cha ugonjwa. Kwa hali yake, kukata.

"Hiyo ya mwanzo aliipanda Baba mwaka tuliojenga," akasema. Aliomba wiki moja. Tulitumia wiki hiyo kunyunyizia kiuatilifu ili wadudu wafe kwanza, maana ukikata mti wakiwa hai wanahamia kwa jirani. Kisha vijana wakaja na misumeno, na yeye akaenda kanisani hadi jioni.

Mengine yalikwenda kwa haraka. Zinki ilinyunyizwa kwenye ile 11, na majani yaliyofuata yakatoka kijani sawasawa. Mistari ya chini ilipata matandazo ya majani ya migomba, na zamu ya ziada ya mfereji baada ya Mwalimu mwenyewe kuzungumza na wazee wa kamati, ambao wawili aliwafundisha kusoma. Mitego ikatundikwa. Novemba iliyofuata shamba lilikuwa jeupe.

Ndipo tukairudia homoni, kwa kazi nyingine kabisa. Tatizo la kudondoka lilikuwa limepungua bila hiyo. Alichotaka Mwalimu sasa ni kuchelewesha sehemu ya mavuno ili auze Septemba, Navel zikiwa zimeadimika Tengeru. Kwa hilo jiberelini inafaa: ikinyunyizwa kabla ganda halijaanza kugeuka, tunda hukaa mtini muda mrefu bila ganda kulegea. Huko Florida ilionekana pia kwamba ganda la balungi lililobaki kijana hivyo humsumbua nzi wa matunda wa kule kutaga. Tulichagua Navel sita zenye afya, zilizomwagiliwa, kwa sababu mti wenye kiu ukipewa homoni hii unaweza kupukutisha majani. Katikati ya Aprili, saa kumi na mbili asubuhi, tukatumia maji ya mvua na miligramu 10 kwa lita. Kila mti ulifungwa kitambaa cheupe, na jirani yake wa mstari huohuo ukaachwa bila kitu.

Mwishoni mwa Agosti matunda ya miti isiyonyunyizwa yalikuwa yamevunwa au yamelegea. Yale ya vitambaa yalikuwa magumu mkononi, rangi imechelewa lakini imekuja. Aliyauza wiki ya pili ya Septemba. Novemba miti minne ilitoa maua sawa na wenzake, miwili ikachelewa na ikatoa pungufu. Hiyo miwili imenifanya nisimshauri kunyunyiza shamba zima. Mwaka huu tutajaribu mwanzoni mwa Aprili, tuone kama wiki mbili za mapema zinaokoa maua yote.

Mashimo manane bado yako wazi. Majirani wanamwambia apande parachichi. Yeye anatafuta miche ya michungwa iliyobebeshwa kwenye kitalu kilichofunikwa neti, na hadi sasa hajapata mahali anapopaamini.

Amenionyesha daftari jipya. Safu za miezi amezifuta kwa rula. Badala yake ameandika juu: maua, tunda kama goroli, tunda kama ndimu, ganda linaanza kugeuka, mavuno. Mpwa akipiga simu na habari mpya kutoka nchi yoyote, kabla hajaendelea kusoma anaulizwa: "Tunda lao lilikuwa na ukubwa gani siku hiyo?"